Lawama Aliyoibeba Mrefu

"Nimekuuliza umepata ngapi. Hukunisikia?"

Baba alikuwa ameshavua miwani. Mama, mwalimu wa hesabu asiyemsamehe mtu hata nusu alama, aliacha kupanga sahani mezani. Binti yao alikuwa mwaka wa pili chuo cha udaktari, na mtaa mzima ulishaanza kumwita Daktari.

"Nimepata F, baba. Anatomia."

"F?" Mama akashika kiti. "F hii ya kufeli?"

"Itabidi nirudie mtihani, mama."

"Kwa nini?" Baba hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Vitabu unavyo. Chumba unacho peke yako. Nini kilikosekana?"

Daktari aliinamia vidole vyake. Ukweli ulikuwa mfupi: aliogopa maiti za maabara, akawa anatoroka vipindi. Lakini mdomo ukateleza.

"Kuna mvulana darasani... ananisumbua. Hanipi nafasi ya kusoma."

Mvulana mwenyewe walimwita Mrefu. Walipendana tangu mwaka wa kwanza, na jioni baada ya jioni alikuwa akimbembeleza afungue kitabu, akimchorea mishipa ya damu ubaoni mpaka chaki inaisha.

"Mpigie. Weka spika."

"Baba, tafadhali..."

"Mpigie, nimesema!"

Simu haikuita sana.

"Mpenzi! Umeshawaambia? Wamesemaje?"

"Unaongea na baba yake. Wewe ndiye uliyemfelisha mwanangu?"

Feni ya darini ilisikika ikizunguka.

"Yeye ndiye kasema hivyo, mzee?"

"Yuko hapa kando yangu. Amesema kwa mdomo wake."

Daktari angeweza kusema neno pale. Hakusema.

"Kama amesema yeye, basi ni mimi. Nisameheni, mzee. Msimgombeze."

"Mpumbavu mkubwa! Nisikusikie tena karibu na binti yangu!"

Baba alipokata simu, mama alisonya. "Hana hata haya ya kukana!"

Uso wa Daktari ukawaka moto. Alijifungia chooni akamwandikia Mrefu: "Nisamehe, nilibanwa."

Jibu likaja: "Nimeelewa. Soma kwa amani. Usinitafute."

Asubuhi alimfuata baba kwenye duka lake la dawa. Alimkuta akimhudumia mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye kikohozi.

"Ndiye Daktari wangu huyu," baba akamwambia mteja. "Kuna kijana alitaka kumharibia masomo. Nimemkomesha."

"Afadhali, mzee. Vijana wa siku hizi!"

Daktari akashika kaunta kwa mikono miwili.

"Baba, si kweli."

"Nini si kweli?"

"Hakunisumbua. Nilikuwa natoroka maabara. Naogopa maiti, baba. Yeye ndiye aliyekuwa akinifundisha. Nimemsingizia."

Mteja akachukua dawa yake akatoka kimyakimya. Baba akajishusha taratibu kwenye stuli.

"Nimemtukana mtoto wa watu."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe umekaa unaniangalia."

Akaitikia kwa kichwa, machozi yakidondokea kaunta.

"Unaniogopa kiasi hicho, mwanangu?"

Baba akageukia rafu, akasogeza chupa ambazo hazikuhitaji kusogezwa.

"Nipe namba yake."

Mrefu alikuja jioni hiyo, akainamisha kichwa kupita mlangoni. Baba alisimama kumpokea.

"Kijana, nimekukosea. Nisamehe."

"Yamekwisha, mzee."

Mama akamvutia kiti.

Walipoachwa wawili barazani, Daktari aliuliza kwa sauti ndogo, "Na mimi je?"

"Baba yako hakunijua. Alinigomba kama ambavyo angemgomba yeyote. Wewe unanijua, na ulikuwa umekaa pale unasikiliza."

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

"Ungefungua mdomo tu."

Daktari akafunika uso. Mrefu hakumkumbatia, lakini hakuondoka.

"Marudio ni lini?"

"Baada ya likizo."

"Maabara inafunguliwa Jumatatu. Tutaingia pamoja."

"Kwa hiyo... tumerudiana?"

"Nimesema maabara." Akashuka ngazi, kisha akageuka. "Ukizimia nitakudaka. Hayo mengine niachie kwanza. Bado yananiuma."

"Nitakusubiri," Daktari alisema.

"Usinisubiri. Soma."