Sekela na Kihisi cha Mlangoni

Sekela ana miaka sita. Anaishi Tukuyu na Baba. Nyumbani wako wawili tu.

Leo gari lao limevaa nguo. Bibi, mama yake Baba, amevifumia viti vyote vitambaa, kama anavyovifumia viti vya sebuleni. Ni vyeupe, vina maua ya njano. Vinabana kila upande.

"Hadi ubavuni!" anasema Bibi. "Nani mwingine hapa mtaani anavyo?"

Baba anagonga mlango wa dereva. Ko, ko, ko.

"Humu ndani kuna kihisi," anamwambia Sekela. "Gari likigongwa ubavuni, kihisi kinajua. Mfuko wa hewa unafumuka, puu! Unanikinga."

Sekela anautazama mlango. Mlango umenyamaza.

"Hmm," anasema. "Hapa pana jambo."

Baba anafunga mlango. Pwaa! Sekela anaziba masikio. Anangoja. Hakuna mfuko.

"Baba, mbona hakikujua? Kimelala?"

"Hakijalala."

"Umekiona?"

"Sijakiona."

"Hmm. Hapa pana jambo."

Wanakwenda gereji kwa Fundi Lusajo. Ni mwanamke mrefu, ana oili mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, fundi. Kihisi kiko wapi?"

"Marahaba, mama. Wewe ni mteja au polisi?"

Fundi anamwonyesha mlango wa gari jingine, uliofunguliwa. Ndani ni uwazi tu. Pembeni kuna kidude cheusi, kidogo kama kiberiti.

"Jaza hewa mashavuni," anasema Fundi.

Sekela anajaza.

"Sasa yabonyeze."

Pfff!

"Umehisi hewa ilivyobanwa? Mlango ukigongwa, bati linaingia ndani. Hewa inabanwa ghafla. Kihisi kinahisi."

"Na Baba akifunga mlango, pwaa?"

"Hapo hewa inatikisika kidogo tu. Halafu kuna kihisi cha pili, kwenye nguzo ya mlango. Hicho kinahisi gari likisukumwa. Vyote viwili vinaiambia kompyuta ya gari. Kimoja kikisema peke yake, kompyuta haiamini. Ina shaka kama wewe."

"Na vikisema pamoja?"

"Mfuko unatoka kabla hujapepesa jicho."

"Unatokea wapi?"

"Hapa. Ubavuni mwa kiti."

Sekela anakimbia kwenye gari lao. Anapapasa ubavu wa kiti cha Baba. Anagusa uzi. Anagusa ua. Anagusa uzi tena.

"Hmm! Hapa pana jambo. Fundi, mfuko utapitaje? Bibi ameziba!"

Fundi anainama. Anatazama. Hatanii tena.

"Mtoto amesema kweli. Kitambaa hiki kinaweza kuuzuia. Na mimi nimelitazama gari hili lilipoingia, sikukiona."

Baba anapapasa maua ya njano.

"Bibi amefuma miezi mitatu," anasema taratibu. "Atanuna."

"Anune," anasema Sekela. "Bibi ana uzi mwingine. Mimi sina baba mwingine."

Baba anakivua kitambaa. Chwa, chwa, chwa.

Jioni Bibi analiona gari. Anashika kiuno.

"Nani amekivua kiti changu nguo?"

"Mimi nimemwambia Baba," anasema Sekela. "Bibi, jaza hewa mashavuni."

"Nini?"

"Jaza tu, Bibi."

Bibi anajaza. Sekela anayabonyeza. Pfff!

Kisha anamweleza yote. Hewa inayobanwa. Gari linalosukumwa. Mfuko uliofungiwa njia.

Bibi anakunja kitambaa mara mbili. Anamtazama Baba, kichwa hadi miguu, kama ambaye hajamwona kwa muda mrefu.

"Basi kiti kitembee uchi," anasema. "Mwanangu afike nyumbani."

Usiku Baba anamfunika Sekela blanketi.

"Baba, kesho utaendesha polepole?"

"Polepole."

"Na mkanda?"

"Na mkanda."

"Halafu utarudi?"

"Nitarudi. Tutapika ndizi."

Sekela anamshika Baba kidole kimoja. Anakishika hivyo hivyo, mpaka usingizi unamchukua.