Mikaratusi ya Baba Kisimani

Kamba ya kisima chetu ina mafundo kumi na mawili. Baba ndiye aliyeyafunga, fundo moja kwa kila pima. Tulipokuwa wadogo, ndoo iligusa maji kwenye fundo la nne. Mimi nilikuwa nikihesabu kwa sauti, na kaka yangu Ziro akinicheka, kwa sababu baada ya tatu niliruka hadi tano.

Jina langu ni Idah. Kwetu ni nyuma ya Gongoni, upande wa bara. Kutoka mashamba ya chumvi hadi nyumbani ni mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli. Baba yetu, mzee Ngala, alifanya kazi ya chumvi miaka kumi na tisa, na kila Jumamosi alikuja nyumbani. Tulimsikia kabla ya kumwona. Akifika kule juu penye mawe, alishuka kwenye baiskeli na kupaza sauti: "Nimerudi! Wekeni maji!"

Basi mama mbio kisimani. Baba alikuwa amejaa chumvi kwenye nyusi na kwenye kola ya shati, na miguu yake ilikuwa imepasuka. Mama alimtekea ndoo tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mwili, ya pili ya miguu. Ya tatu baba alijimwagia kwa raha tu, huku akiimba. Mungu amrehemu, sauti hakujaliwa. Mpaka leo nikisikia maji yakimwagwa nyuma ya nyumba yoyote, namkumbuka.

Kisimani hapakuwa na kivuli, na mama aliteka maji juani. Jumamosi moja baba akaja na miche kumi na miwili ya mkaratusi kwenye baiskeli. Alikuwa ameambiwa kwamba mti huu unakua upesi hata kuliko mvinje, mti wetu wa boriti huku pwani. Akaipanda kukizunguka kisima, kila mche hatua tano kutoka ukingoni, na kila mche akaupa jina. Mmoja ulikuwa wake, mmoja wa mama, minne yetu sisi watoto, na iliyobaki ya jamaa. Ule uliopinda akampa mama mkwe wake. Mama alinuna siku mbili.

Na kweli ilikua. Baada ya miaka minne kisima kilikuwa na kivuli kizuri. Mvua ikinyesha, majani yale yalinukia mpaka ndani ya nyumba. Tulifanya kazi za shule pale chini, na mama alichambua mchicha pale. Nakwambia, sijapata mahali pengine nilipopapenda kama pale.

Hakuna aliyeangalia kamba. Fundo la nne likawa la tano, la tano likawa la sita. Tukasema mvua zimepungua, na ni kweli zilikuwa zimepungua kidogo. Baba alipofariki, ndoo ilikuwa ikigusa maji kwenye fundo la nane. Tulimzika hapohapo nyumbani. Miaka mitatu baadaye tulikuwa kwenye fundo la kumi na moja, na ndoo ilitoka na matope.

Wakati huo Ziro alikuwa amepanga vyumba viwili Malindi. Akaja akasema mama ahamie kwake, maana asipohama atakunywa nini? Maji mengine yalikuwa mwendo wa saa nzima, na magoti ya mama yalikuwa yamechoka. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Na baba yenu nimwachie nani?" akauliza.

Mama akibaki, atakufa kiu. Akihama, atakufa kwa huzuni.

Mimi nina mdomo, watu wote wanajua. Nikamwambia Ziro badala ya kumwondoa mama aiondoe miti, kwa sababu nilikuwa nimesikia majirani wakisema mikaratusi inamaliza maji. Akakubali. Ziro amekata mivinje ya watu tangu akiwa na miaka kumi na sita. Na huku kwetu kila mtu anaujua mvinje: ukiukata, umekwisha. Kisiki kinaoza, unapanda mwingine. Basi sisi tukadhani mti ni mti.

Kumshawishi mama kulichukua wiki tatu. Siku ya kukata alikwenda kwa dada yake Mambrui ili asisikie shoka. Ziro akaikata yote kimo cha kiuno, ndivyo mgongo wake ulivyotaka. Wa baba tuliuacha wa mwisho. Ziro alilia, nami nikajifanya sioni.

Masika yakaja. Asubuhi moja nikamkuta mama kisimani amesimama, mkono mdomoni. Visiki vyote kumi na viwili vilikuwa vimechipua, tena vichaka kabisa. Cha baba kilikuwa na machipukizi kumi na saba, niliyahesabu. Mama akageuka, na uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa Jumamosi.

"Idah, mwanangu," akasema. "Amerudi."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kugusa hata jani. Kila asubuhi mama alifagia pale, akaongea na kile kisiki. Ningesema nini? Furaha ile nilikuwa sijaiona tangu mazishi. Lakini maji hayakupanda. Masika yalipokwisha, kamba yote iliingia kisimani na ndoo ikakwaruza chini. Ziro akapiga simu kwamba mwisho wa mwezi anakuja kumchukua mama, na safari hii hataki maneno.

Nikapanda pikipiki hadi Malindi, kwenye ofisi ya misitu. Nilimkuta afisa mmoja, Rufaida, mzaliwa wa Shella, mwanamke wa maneno ya taratibu. Nikamwaga yote. Aliniuliza tulikata lini, na visiki viko umbali gani na maji. Nilipomwambia hatua tano, alishika kichwa. Keshokutwa yake akaja mwenyewe.

"Shikamoo, mamangu," akamwamkia mama.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Maji ya kukupa sina, unisamehe."

Katika maisha yake yote mama hakuwahi kumkaribisha mgeni bila maji. Niliona aibu mimi mwenyewe, nikatazama chini.

Rufaida akaketi kando ya kisiki cha baba. Hakuanza na miti. Alimwuliza mama habari za mzee Ngala, na mama akampa zote: baiskeli, chumvi, ndoo tatu, hata ule mti wa mama mkwe. Mimi nilikuwa nimeshachoka kungoja. Ndipo Rufaida akaanza kueleza.

Alisema mkaratusi si mti mbaya, wala mzee hakufanya ujinga. Ni mti wa boriti na wa kuni. Watu wakiwa na boriti shambani, hawaendi kukata msituni wala kwenye mikoko. Kosa lilikuwa mahali. Mti unaokua upesi hunywa maji mengi, na mizizi yake huyafuata yalipo. Haufai kupandwa kando ya kisima, kando ya mto, wala penye majimaji. Uwe mbali mita thelathini au zaidi, na ukiweza kuzidisha, zidisha. Haufai pia kuchanganywa na mahindi, kwa sababu mahindi yatashindwa.

Kisha akashika yale machipukizi.

"Mamangu, huu si mvinje. Mkaratusi ukiukata haufi. Unachipua, na machipukizi yana kiu kuliko hata mti wenyewe. Haya yote yanakunywa kisima chako."

Mama alisugua gome la kisiki kwa kidole.

"Kwa hiyo nimwue mara ya pili?" akauliza.

Sikuwahi kumwona afisa wa serikali akilengwalengwa na machozi kabla ya siku ile.

"Hapana," Rufaida akasema. "Tumhamishe."

Akaeleza kwamba kipande cha chipukizi changa kinaweza kutoa mizizi. Mti unaotoka hapo hauitwi mtoto wa ule wa kwanza, ni mti uleule. Ndivyo wanavyofanya kwenye vitalu wakitaka mkaratusi mzuri uendelee. Mama akauliza, uleule kabisa? Rufaida akamwambia uleule, na kwamba mahali pake ni juu, penye mawe, mbali na maji. Nikamwona mama akiinua macho kutazama kule juu. Pale ndipo baba alipokuwa akipaza sauti.

Tulikata vipande alfajiri, kabla ya jua kukausha majani. Kila kipande kilikuwa na urefu wa kidole, na majani mawili yaliyopunguzwa nusu ili yasipoteze maji. Tukavifunika kwa kitambaa kibichi. Mama akachana leso zake kuukuu, kila kisiki na rangi yake, ili asipoteze mtu. Wa baba ulipata utepe wa buluu. Tukavipeleka Mambrui, kwenye kitalu cha kina mama ambacho Rufaida alikijua. Wakavipaka unga wa dawa ya mizizi, wakavichomeka kwenye mchanga wenye unyevu na kuvifunika kwa nailoni.

Kati ya vipande mia moja na ishirini, arobaini na kimoja vilishika. Vya mti wa bibi vilishika vyote kumi. Mama alisema hashangai, mama yake hakuwahi kushindwa na kitu. Kati ya vya baba kilishika kimoja tu. Tulikibeba kurudi nyumbani kama yai.

Visiki vya kisimani tulivikata tena, safari hii mpaka chini. Tukavimenya gome na kuvifukia udongo. Kila kilipotoa chipukizi, mama mwenyewe alilivunja. Ilichukua zaidi ya mwaka kabla ya kisiki cha mwisho kuchoka. Mahali pake tukaacha nyasi zirudi, na mkuyu mmoja uliojiotea. Ziro alikubali kungoja, na kila wiki akatuma madumu ya maji kwa pikipiki. Alinung'unika, lakini alituma.

Kule juu tulipanda mistari, hatua tatu kati ya mti na mti. Hatukufyeka kila kitu. Rufaida alituambia mikwaju na vichaka vya asili vibaki katikati, ili ndege na nyuki wapate pao na udongo usichukuliwe na mvua. Miaka miwili ya kwanza tulipalilia. Baada ya hapo miti ilijitegemea.

Maji yalirudi polepole. Masika ya pili maji yalikuwa kwenye fundo la tisa, kisha la saba. Leo yako kwenye fundo la tano. La nne huenda tusilione tena, maana mvua nazo si zile. Lakini hakuna tena anayetaja kumhamisha mama.

Mwaka huu ile miti ilitimiza miaka saba. Boriti ya kisima, ile inayoshika kapi, gurudumu la kupitishia kamba, ilikuwa imeoza, na Ziro akaja kukata nyingine. Mama alipanda naye hadi juu polepole, akiegemea bega langu. Akapita mti mmoja baada ya mwingine, akasimama kwenye wenye utepe wa buluu. Ziro akarudi nyuma.

"Mama, huu ni wa baba."

"Najua ni wa nani. Weka panga, chukua msumeno. Kata chini, kiganja kimoja kutoka ardhini, na ukate mshazari ili maji yasituame. Kata, mwanangu. Huyu hurudi."

Hakwenda Mambrui safari hii. Aliketi kwenye jiwe, akautazama mpaka ukaanguka.

Machipukizi yalitoka kwa mvua zilizofuata. Yalipokaribia kimo cha mtu, Ziro akatuuliza aache mangapi. Tukamwambia mawili, yale yenye nguvu na yaliyoachana. Mengine tukayaondoa, ili hayo mawili yawe boriti nzuri siku zijazo. Kisimani, tabia hii ya kuchipua ilikuwa imetuumiza. Huku juu ilikuwa faida yetu.

Jioni ya siku hiyo ya kupunguza machipukizi nilikuwa nimetangulia kushuka kuteka maji. Kamba ilikuwa kwenye kapi, na kapi kwenye boriti ya baba. Mara nikasikia sauti kutoka penye mawe, nyembamba, ya kizee.

"Amerudi! Wekeni maji!"

Nikaacha ndoo ishuke. Machozi yalikuwa yananitoka, lakini nilihesabu kwa sauti ili mama asikie kule juu. Moja, mbili, tatu, tano. Ziro, njiani, akaanza kucheka.