Alama Iliyoganda Yadini

Kila alipotoka shule, Chiriku alinawa mikono na kuketi karibu na shangazi yake, mbele ya simu iliyounganishwa na redio. Jina hilo alibandikwa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake alikuwa fundi wa pampu za maji, na yeye na shangazi walikuwa na leseni ya redio za ridhaa, zile za watu binafsi kuwasiliana bila mtandao wa simu. Mama akiwa njiani, redio ya garini ilirusha hewani vifurushi vidogo vya habari kuhusu mahali gari lilipo, na programu ya simu ikavigeuza kuwa alama kwenye ramani. Hivyo nyumbani walijua alipofika, hata kule ambako simu hazishiki mtandao.

Siku hiyo mama aliaga kwamba anakwenda kwenye pampu iliyo nyuma ya kilima. Chiriku alipotazama ramani, alama ya mama ilikuwa kwenye yadi ya chuma chakavu, chini ya kilima. Akafanya kazi za shule, akarudi kuitazama. Ipo palepale. Akala, akarudi. Ipo palepale!

Nyaya za shaba za pampu zilikuwa zimeibwa juzijuzi, na mtaa mzima ulijua kwamba mwenye yadi ile hana maswali mengi kwa wauzaji.

Mama aliporudi, Chiriku alimkagua kama askari wa getini. Mbona mfuko wa zana ni mzito hivyo? Mbona umefunikwa gunia?

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Si nilikuaga, mwanangu? Pampuni." Akapiga miayo, akaenda kuoga.

Chiriku hakuamini. Kesho yake alimnong'oneza rafiki yake, binti wa msimamizi wa maji.

"Lisemwalo lipo," rafiki alisema, macho yamemtoka.

"Lakini usimwambie mtu."

"Mimi? Thubutu!"

Jioni msimamizi alikuwa mlangoni, uso umekunjamana.

"Fundi, naomba funguo za pampu. Utakaa nje ya kazi mpaka jambo hili lieleweke."

"Jambo gani, mzee?"

"Nyaya. Jana ulikuwa yadini kutwa."

"Nani aliniona?"

Msimamizi akamtazama Chiriku. Mtoto alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni ramani, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Mama alitoa funguo mfukoni, akazikabidhi.

"Mzee, kabla hujaondoka," shangazi akadakia, "panda gari na wifi yangu mwende hadi pampuni. Mkigeuka kurudi mzime redio ya garini, ili alama isisogee tena. Sisi tutabaki hapa."

Msimamizi alisita, akihofia anachezewa shere, lakini alikwenda. Chiriku akaikodolea macho simu. Alama ilisogea barabarani, ikafika yadini, ikaganda. Ikakaa hapo hadi gari liliporudi na kupiga honi nje.

"Haya, nimefika pampuni, hata kufuli nimelishika," msimamizi alisema.

"Ajabu!" shangazi akamwonyesha simu. "Ramani inasema ulikuwa yadini muda wote. Umeuza nini, mzee?"

"Mimi? Sijasimama pale hata kununua peremende!"

Shangazi aliigusa alama, maandishi madogo yakajitokeza: saa ambayo redio ya garini ilisikika mara ya mwisho. "Ukipita yadi, kilima kinazuia mawimbi na redio yetu haikusikii tena. Alama hii inaonyesha uliposikika mwisho. Uliko sasa haijui."

Msimamizi alizirudisha funguo kwa mikono miwili. "Nimekukosea, fundi. Mwizi wangu nitamtafuta kwingine."

Alipoondoka, Chiriku alianza kulia. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini imeniuma sana, mwanangu. Uliniuliza nilikuwa wapi, nikakujibu. Mbona habari ya yadi hukuitaja?"

"Niliogopa ungenidanganya."

"Ungeniambia, shangazi yako angekuonyesha maandishi hayo palepale. Kuuliza si ujinga. Kesho utamweleza rafiki yako ukweli, pamoja na wote aliowaambia."

"Na wasioamini je?"

Mama alizitia funguo mfukoni.

"Hao watanitazama kama mwizi kila nikipita, na si wewe wala mimi atakayeweza kuwazuia. Ndiyo maana mtu huuliza kwanza, ndipo akasema."