Mji wa Bi Hadia

Ubongo wa Bi Hadia ulielea katikati ya chumba, mkubwa kuliko pipa la maji, ukizunguka polepole bila kushikwa na kitu. Haukuwa nyama, ulikuwa mwanga. Mwenyewe aliketi pembeni, amevikwa kimulikabongo kama kofia, na mtambo ulichora hewani kila ulichokiona kichwani mwake. Kila penye protini ya tau, ile ya ugonjwa wa kusahau, iliyojisokota na kuua chembe hai paliwaka rangi ya kutu.

Mbelwa, mwanawe, ndiye aliyeubuni mtambo huo, na Tanga nzima ililijua hilo kwa sababu hakuacha kuwaambia. Asubuhi ile aliusogelea ule mwanga. Kutu ilikuwa imeenea kote.

"Tunu," alimwita fundi wake kando, "hii picha ya nani?"

"Ya mama, Daktari. Nimepiga mara tatu."

"Na mtihani wa kumbukumbu?"

"Thelathini kwa thelathini. Kanitania juu yake, eti nasoma maswali kama karani wa mahakama." Tunu akashusha sauti. "Mwenye picha kama hii hajui hata jina lake."

Wote wawili wakatazama nyuma ya sikio la Bi Hadia. Kwa miaka minne alikuwa na kijazio pale, kifaa kidogo kama punje ya mtama. Mzee akikwama kwenye neno, kijazio kilimjazia. Wazee wa mji mzima walikuwa nacho. Hakuna aliyewahi kuuliza, mwenyewe akiisha, kijazio kitajaza nini.

Kikizimwa, huenda mama asiseme tena. Kikiachwa, Mbelwa hatajua kamwe anazungumza na nani.

Akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Mama, kitendawili."

"Tega."

"Nyumba nimeifunga, mgeni kaingia bila kugusa mlango."

"Mwanga wa jua," alisema akitabasamu. "Ulikitunga mwenyewe, baba, ukiwa na miaka saba."

Jibu lilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomtisha Mbelwa. Kitendawili hicho alimtegea mama jikoni kila jioni, na mama hakukipata hata siku moja. Alijikuna kichwa, akasema kimemshinda, kisha akatoa mji kama ilivyo ada ya aliyeshindwa. Alitoa Mombo, siku zote Mombo, na mtoto akaitawala Mombo mpaka usingizi umchukue. Mama alijua jibu. Alishindwa kwa ajili yake.

Kijazio hakikujua kushindwa.

Mbelwa akanyoosha mkono nyuma ya sikio la mama.

"Usizime, baba," sauti ya mama ilisema kwa utulivu. "Ulizaliwa Jumatano, mvua ikinyesha. Ulivunjika mkono wa kushoto. Uliogopa bata." Iliendelea hivyo, kweli baada ya kweli, kama mtu anayeonyesha vitambulisho getini.

Akabonyeza.

Uso wa Bi Hadia ukalegea. Macho yake yakampita Mbelwa, yakapita ukuta. Tunu akageuka upande.

"Kitendawili," Mbelwa alisema.

Akarudia. Akarudia tena. Ndani ya ule ubongo wa mwanga, katikati ya kutu, doa jeupe dogo kama ukucha likawaka, likazima, likawaka.

"Te... tega."

"Nyumba nimeifunga, mgeni kaingia bila kugusa mlango."

Midomo ya mama ilihangaika. Mkono wake ukapanda taratibu, ukakuna kichwa pembeni ya kofia.

"Kimenishinda."

"Basi nipe mji."

"Chukua Mombo."

Mbelwa akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Bi Hadia akamwachia, akamtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto wa watu uliyemkuta njiani.

"Wewe," akamuuliza, "ni mtoto wa nani?"