Tai Nyeusi ya Ryohei

Majirani zangu, nisikilizeni, hasa ninyi wenye vijana wanaotafuta kazi.

Asubuhi moja mtaa wetu hapa Amagasaki, Japani, ulikuwa umetulia. Nilikuwa nafagia mlangoni, harufu ya mayai ya kukaanga ikitoka kwa jirani yangu Chizuru. Mjane huyu alikuwa anafunga vyakula kiwandani usiku kucha, amesimama, hata miguu ikamvimba. Daktari alimwambia aache. Angeachaje, na mwanawe Ryohei amemaliza chuo mwaka juzi na hana kazi?

Ryohei akili anayo. Kilichomponza ni kudharau mavazi. Mara mbili aliitwa kwenye usaili, mara mbili akaenda na shati lenye mikunjo na viatu vyenye vumbi. "Wanataka kichwa changu, hawataki nguo," alisema. Mara zote mbili wakamkataa.

Siku hiyo aliitwa na kampuni ya lifti. Akatoka mbio: suti nyeusi, tai nyeusi tii.

"Ryohei," nikamwita, "nani amefariki?"

"Hakuna, babu. Nyeusi na nyeusi zinaendana."

"Si ndiyo uliyovaa siku ya kumuaga baba yako?"

"Tai ni tai."

"Hiyo ni ya msibani. Ngoja nikupe yangu ya buluu."

Akacheka. "Yako si imeshastaafu, babu? Iache ipumzike." Akaenda zake.

Mtasema, kijana gani wa kwetu Japani asiyejua kwamba tai nyeusi huvaliwa msibani tu? Wapo wengi. Siku ya msiba walivishwa na mama zao, hawakuuliza kitu.

Kwenye kituo cha treni, alinisimulia baadaye, mama mmoja mtu mzima alimpisha kwenye foleni, akamwinamia. "Pole sana, mwanangu. Ni mzazi?"

"Hapana, mama. Naenda kwenye usaili."

Yule mama akaitazama tai, kisha akatazama chini, kana kwamba aibu ni yake. "Basi ivue, mwanangu. Utawatia simanzi bure."

Ryohei akarudi mbio, jasho linamtoka. "Babu, ile iliyostaafu ipo?"

Nilikuwa nayo mkononi. Nikiwa namfunga tai hiyo, Chizuru alitoka na kitambaa, akapiga magoti kwa ile miguu yake iliyovimba, akaanza kumng'arishia viatu. Ryohei akamtazama. Kisha akamshika mkono.

"Mama, inuka. Nitavifuta mwenyewe."

Akavifuta hadi vikang'aa, akawahi treni iliyofuata.

Siku chache baadaye nilisikia simu ikilia kwa Chizuru, kisha kimya. Nikaenda kugonga. Nilimkuta amekaa sakafuni.

"Wamemchukua," akasema. Akacheka huku machozi yakimtoka, nami nikakaa naye pale pale hadi chai ikapoa.

Chizuru ameshaacha kazi ya kiwandani. Jioni Ryohei hupiga pasi shati lake la kesho, na taa ya nyumba ile huzimwa mapema, kwa sababu mama yake yumo ndani amelala.

FUNZO

Anayekusaili hajawahi kukuona. Kabla hujafungua mdomo, ameshayasoma mavazi yako, na akiona umeyapuuza, ataamini kwamba kazi yake nayo utaipuuza. Vijana, suti si lazima iwe ya bei. Iwe safi, imepigwa pasi, na iwe ya shughuli unayoiendea. Usipojua, muulize mtu mzima kabla hujatoka nyumbani. Nanyi wazazi, wafundisheni mapema, maana kijana akikosa kazi kwa uzembe huo, anayeendelea kusimama usiku kucha ni mama yake.