Masalu Apimwa Masikio

Asubuhi moja Masalu alikuwa mlangoni, anafunga kamba za viatu aende kazini. Mama mkwe wake, aliyefika jana yake kutoka Tinde, alitokea nyuma yake.

"Mwangaluka, Baba Kudra," alimsalimia kwa Kisukuma.

Masalu alinyanyuka, akaondoka bila kujibu.

"Mumeo nimemkosea nini?" mama aliuliza.

Ritha, mke wa Masalu, aliona aibu. "Hakusikia, mama. Siku hizi hata redio anaifungulia mpaka majirani wanalalamika."

Masalu alikuwa na mwaka wa sita kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nje kidogo ya mji wa Geita. Mashine hiyo hunguruma kutwa nzima.

Siku hiyo ilikuwa bado imezimwa. Muuguzi anayeitwa Philomena alikuwa ofisini na sanduku jeusi. Alikuja kupima afya za wafanyakazi kabla kazi haijaanza. Watu walijazana dirishani. Kila mmoja alitaka kujua sanduku lina nini.

Philomena alisikiliza kifua cha Masalu, kisha akamvalisha masikioni visikizi vilivyounganishwa na lile sanduku.

"Ukisikia mlio, hata mdogo namna gani, bonyeza kitufe hiki."

Masalu aliogopa. Akionekana hasikii, si atafukuzwa? Basi akakodolea macho mkono wa muuguzi uliokuwa juu ya sanduku. Kila kidole chake kilipobonyeza, naye akabonyeza.

Philomena alitabasamu. "Kaka, una masikio ya ajabu. Hapo mwisho nilibonyeza tu, sikupiga mlio wowote."

Dirishani watu waliangua kicheko. Masalu akainamisha kichwa.

"Naogopa kufukuzwa, sista."

Philomena alifunga dirisha. "Majibu haya ni siri yako na yangu. Mwenye karasha nitamwambia cha kurekebisha kazini, basi. Sasa geukia ukutani."

Safari hii Masalu alikaa muda mrefu bila kubonyeza.

Philomena alimwonyesha mstari kwenye karatasi. "Tazama. Sauti nzito unazisikia. Kwenye sauti nyembamba, mstari umeshuka."

"Utapanda tena?"

"Hapana. Sikio likiharibiwa na kelele halirudi lilivyokuwa. Tena haliumi, kwa hiyo mtu hajui mpaka apimwe. Lakini tunaweza kuzuia lisiharibike zaidi. Mwakani tutapima tena, tulinganishe. Mstari ukishuka zaidi, tutajua kinga haitoshi."

Alimwandikia barua ya kumwona daktari wa masikio. Kisha akazungumza na Onesmo, mwenye karasha. Wiki ile jenereta la kuendesha mashine, lenye kelele nyingi, lilihamishiwa nyuma ya ukuta. Wafanyakazi walipewa vizibo vya masikio, wakafundishwa kuvivaa. Wakaanza kupokezana, mtu asikae kando ya mashine kutwa.

Nyumbani, jioni ya siku ile ya kupimwa, Ritha alimweleza Masalu ya asubuhi, naye akamwendea mama mkwe. "Shikamoo, mama. Nisamehe, sikukusikia. Ukinisemesha, simama mbele yangu."

"Marahaba, baba. Mimi nilidhani umenichoka!"

Mwaka ulipita. Philomena alirudi, akampima, akaweka karatasi mbili pamoja. Masalu alifuata mistari kwa kidole, polepole, mpaka mwisho.

"Imelingana?"

"Imelingana. Mstari haujashuka hata kidogo."

Masalu alicheka kwa furaha. Alifika mlangoni, akasimama, akageuka.

"Sista, kule ng'ambo ya barabara kuna kina mama wanaponda mawe kwa nyundo. Vumbi tupu. Wao anawapima nani?"

Philomena alichukua kalamu.

"Wako wangapi?" aliuliza.