Abiria wa Kituo cha Tisa

Wageni wa kwanza kurudi Jumatatu ile walikuwa mume na mke kutoka Adelaide, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mke akaweka kidude juu ya meza ya mapokezi huku anacheka peke yake.

"Mwambieni yule bibi wa kituo cha tisa ametuvunja mbavu."

Raylene alikuwa akiandika saa yao ya kurudi. Kalamu ikasimama. "Bibi gani?"

"Huyo mwenye kikohozi. Anasema kusaga mbegu kunachosha magoti kuliko kuolewa na mvivu."

"Ahaa," Raylene akasema, akakivuta kidude kwake.

Katika hifadhi yetu, hapa katikati ya jangwa la Australia, mgeni hujiendesha mwenyewe. Hupewa kidude cha kuchomeka garini, na njiani kuna nguzo kumi na saba zenye namba. Akifika kwenye nguzo anabonyeza namba yake, na sauti inamsimulia mahali pale. Sauti zote ni za Raylene. Ya tisa, penye mawe ya kusagia, zamani haikuwa yake. Ilikuwa ya mama yake mdogo, aliyemlea tangu ananyonya, na huyo tulimzika miezi kumi na minne iliyopita.

Jina lake silitaji, na wewe usiniulize. Kwetu mtu akifa jina lake linawekwa kando, na hata walio hai wenye jina hilo tunawaita Kumanjayi mpaka msiba uishe. Picha zake zinafichwa. Sauti yake nayo hivyo hivyo, maana ukiiachia sauti izurure, mwenyewe naye hatulii. Wazee walimwambia Raylene afute. Akasema amefuta.

Hakufuta. Alirekodi upya kituo cha tisa kwa sauti yake kwenye vidude vyote, kimoja akakibakiza, namba sita, akakificha kwenye kisanduku cha mbele cha Toyota yake ya kazini. Siku akizidiwa na hamu alikuwa anakwenda kituo cha tisa peke yake, anabonyeza, anasikiliza, analia, anarudi kazini. Alijiambia hamdhuru mtu.

Kidude alichorudisha mke wa Adelaide kilikuwa namba kumi na moja. Raylene akabonyeza tisa: sauti yake mwenyewe. Akatoka mbio hadi kwenye Toyota. Ilikuwa asubuhi ya baridi, hata usukani uliuma vidole, lakini namba sita alikikuta kina joto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Kesho yake gari likaanza kelele. Ting, ting, ting: ile kengele ya mkanda, ya kiti cha abiria, na kitini hakuna mtu. Dexter, binamu yake wanayefanya kazi pamoja, akainama dirishani.

"Umembeba nani, dada? Mchumba? Mwambie afunge mkanda, tusije tukapigwa faini."

"Nyamaza, Dex. Ni waya tu."

"Waya!" Akavuta hewa, na kicheko kikamfutika usoni. Akashusha sauti. "Mbona kunanuka tumbaku ya majivu humu? Aliyekuwa anatafuna hiyo ni mmoja tu."

"Nimesema nyamaza."

"Raylene, ile sauti ulifuta?"

"Nilifuta."

Dexter akamtazama sana, kisha akaenda zake. Raylene akanyoosha mkono, akavuta mkanda wa kiti kitupu, akaufunga. Kengele ikakata.

Unajua, uongo huo haukuwa wa kumkosea marehemu peke yake. Mama Noreen, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa hajasema neno tangu siku ya mazishi. Ndiyo desturi ya wanawake wetu: dada wa marehemu huweka usemi kando, akaongea kwa vidole, hadi vitu vya aliyekufa vifukizwe moshi na mwenyewe aende zake. Hapo ndipo kinywa hufunguliwa. Noreen alishafunguliwa mara mbili. Mara mbili alipanua midomo mbele ya watu wote, hakikutoka kitu, machozi yakamtiririka. Na nyimbo za kale za wanawake, zile za bwawa la mawe, sasa anazo yeye peke yake, ana miaka sabini na tisa, na wasichana wa kuzirithi wanasubiri. Watu walijiuliza kuna nini. Raylene alijua, akawa anakula nao, anazungumza nao, anainamisha kichwa.

Lililomkaba zaidi ni hili. Mama yake mdogo alifia hospitali ya mjini, kilomita mia nne kutoka kwao. Asubuhi ya siku ya mwisho alipiga simu: "Njoo unichukue, mwanangu, nataka kwenda nyumbani." Raylene akajibu, "Wiki ijayo, mama. Tukishazindua njia ya wageni." Jioni simu ikalia tena. Akaona ni nani, akaiacha ilie, maana alikuwa na wakubwa wa kazini. Ukabaki ujumbe wa sauti, na usiku habari ya kifo ikafika. Ule ujumbe hakuwahi kuufungua.

Alhamisi, jua la utosi, akaendesha hadi kituo cha tisa akiwa amekusudia kuyamaliza, aisikie mara ya mwisho kisha aifute. Akachomeka namba sita, akabonyeza, na sauti ikaanza kama siku zote, mawe, magoti, mume mvivu, kikohozi, kicheko, na baada ya kicheko huwa kuna mlio mdogo wa kuzima. Siku hiyo mlio haukuja. Kikaendelea kimya, kimya chenye pumzi ndani yake, pumzi ya mtu mzee aliyekaa karibu, na harufu ya tumbaku ikapanda kutoka kwenye kiti cha kushoto, na kitambaa cha kiti kikabonyea taratibu katikati, kama kinavyobonyea mtu mzito akijiweka vizuri kwa safari ndefu, na Raylene akawa anataka kugeuza shingo na shingo haitaki, anataka kuchomoa kidude na mkono haunyanyuki, mpaka sauti ikasema, polepole, bila hasira hata kidogo:

"Raylene. Hiyo wiki ijayo bado haijafika tu?"

Alikimbia kwa miguu hadi kituo cha kumi. Dexter alipomkuta, Raylene akasema gari limeharibika. Mpaka hapo bado alidanganya! Mimi ni ndugu yake, nampenda, lakini hapo simtetei.

Jumamosi dada wawili wazee wa Melbourne hawakurudi getini. Dexter na Raylene waliwapata Jumapili adhuhuri, kilomita ishirini nje ya njia, kwenye barabara ya zamani ya ng'ombe iendayo kambi yetu ya kale. Maji yamewaishia. Mdogo alikuwa hajitambui, ikabidi ndege ije kumchukua. Mkubwa alikuwa ameketi kivulini mwa gari lao, midomo imepasuka damu, na Raylene akapiga magoti kumnywesha.

"Kwa nini mlitoka njiani, mama?"

"Yule bibi," akanong'ona. "Alituomba lifti kituo cha tisa. Alisema dada yake anamsubiri huko kambini. Na sisi ni ndugu wawili, tungemwacha vipi?"

Dexter akafungua mlango wa nyuma. Mkanda wa katikati ulikuwa umefungwa, umekaza, hakuna mtu ndani yake. Akaurudisha mlango polepole, akamtazama Raylene.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Jioni ile Raylene alikwenda uani kwa Noreen, akajitupa mchangani, akasema yote: kidude, simu, wiki ijayo. "Nilimkatalia njia akiwa hai, mama, nikamfungia akiwa amekufa. Na wewe nimekuziba mdomo. Nipige."

Noreen hakumpiga. Alikaa muda mrefu anachora mchangani, kisha akainua mkono. Vidole vikasema neno moja: *Mlete.*

Asubuhi Raylene akafungua mlango wa kushoto wa Toyota, akasimama kando kama unavyompisha mzee. "Twende, mama. Wiki yenyewe ndiyo hii." Akasubiri. Kiti kikabonyea. Akaufunga mkanda kwa mikono yake, na vidole vyake vikapita juu ya kitu chenye joto. Akaendesha hadi kambi ya kale bila kugeuka, machozi yakimdondokea mapajani, na pumzi ile ikienda naye bega kwa bega.

Kambini Noreen na Dexter walishawasha moto, wamerundika matawi mabichi juu yake. Milango minne ya Toyota ikafunguliwa, moshi mzito ukaingia, ukapita, ukatoka. Raylene akatupa namba sita motoni. Kikalia kama mafuta kikaangoni. Ndani ya moshi mkanda wa kushoto ukafunguka wenyewe, tak, ukarudi mahali pake.

Noreen akapanua midomo. "Dada," akasema. Sauti ilikuwa na kutu, lakini ilikuwa sauti. Dexter akashika kichwa. Noreen akamgeukia Raylene: "Ni yote?"

"Yote, mama."

Noreen akataka kusema lingine, midomo ikacheza, hakikutoka kitu. Akajishika koo. Na Toyota, iliyozimwa, ufunguo uko mfukoni mwa Raylene, ikaanza: ting, ting, ting.

"Dada," Dexter akanong'ona, rangi imemtoka, "umebakiza nini tena?"

Noreen akanyoosha kiganja. Raylene alirudi hatua mbili. "Hiyo si ya kazi," akasema, analia kama mtoto. "Hiyo ni yangu. Hata sijaisikiliza. Nikiisikiliza ndiyo imekwisha." Kiganja hakikushuka, na kengele haikukoma. Mwisho akatoa simu, akafungua ujumbe wa miezi kumi na minne, akauweka kwa sauti mbele yao.

"Mwanangu, ni mimi. Najua una kazi. Kama huji, si neno, wala usijilaumu. Noreen atakukaripia, mwache akaripie, ndiyo raha yake. Nisikilize mara moja, halafu nifute. Usinifungie humu ndani. Mimi na vyumba vidogo hatupatani, unajua."

Kikohozi. Mlio mdogo wa kuzima.

Raylene akasimama na simu mkononi. Miezi kumi na minne msamaha wake ulikuwa mfukoni, amekaa juu yake. Kidole kikamgoma mara mbili. Mara ya tatu akafuta. Kengele ikakata. Harufu ya tumbaku ikapungua na moshi, ikaisha.

"Nitakukaripia, ndiyo," Noreen akasema, sauti inakwaruza. "Lakini kwanza nipe maji. Halafu niletee wale wasichana, kabla na mimi sijafa."

Wakazima moto. Dexter akapanda gari lake, Noreen akapanda na Raylene. Walipoondoka tu: ting, ting, ting. Raylene akakanyaga breki, hakuthubutu kutazama kushoto.

"Ni mimi, mjinga wewe," Noreen akasema. "Sijafunga mkanda."

Akafunga. Kukawa kimya ndani ya gari, kimya kitupu, hakina pumzi ya mtu wa tatu. Hapo ndipo Raylene alipoelewa kwamba hatamsikia tena, akaangusha kichwa kwenye usukani, akalia kwa sauti.